Mkeka unaokunjika kama kanga: jibu kwa dada wa Wete kuhusu mikeka ya Pattamadai

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mama mkwe wangu alipelekwa India kutibiwa, na siku ya kurudi mwenye nyumba waliyopanga karibu na hospitali alimpa mkeka. Mwembamba, laini, una michirizi myekundu pembeni, na unakunjika kama kanga. Kijikaratasi chake kimeandikwa Pattamadai, 100. Sisi hapa Wete tuna kikundi cha wanawake kumi na wanne, tunasuka ukili wa ukindu na wa miyaa. Yupo mtu anatushawishi tuchange tununue mashine ya kufumia mikeka kutoka huko India. Anasema tukitia ukindu wetu, mkeka utatoka kama huu. Ni kweli? Na huu wa mama tuufue vipi? Umeanza kuingia ukungu.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na mpe pole nyingi mama mkwe. Nianze na lenye haraka: pesa za kikundi zisitoke. Mkeka ulio nao nyumbani haukufumwa kwa mashine, na ukindu wenu hauwezi kuwa mkeka huo hata mkinunua mashine tatu. Sababu zake nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa fedha ni za watu kumi na wanne na wote mna haki ya kuelewa, si kuambiwa tu.

Pattamadai ni mji mdogo wa mashambani kusini kabisa mwa India, jimbo la Tamil Nadu, wilaya ya Tirunelveli, kwenye barabara inayotoka Tirunelveli kuelekea Ambasamudram. Magharibi yake kuna milima ya Pothigai, na kutoka milima hiyo unashuka Mto Tamiraparani. Huu si mto mrefu, una kilomita mia moja na ushei tu hadi baharini, lakini unapata mvua za misimu miwili na maji yake yamezoeleka kuwapo mwaka mzima. Wafumaji wa mikeka ni Waislamu wanaosema Kitamili, wanaoitwa Labbai. Kwa Kitamili mkeka ni *paay*, na neno hilohilo, kwa herufi zilezile, ndilo Watamili wanalomwitia ndugu Mwislamu. Asili za maneno hayo mawili ni mbalimbali, ila wakazi wa pale wanaufurahia mlingano huo, nami ulinikaa moyoni.

Kando ya mto huo huota mmea uitwao korai. Hapa ndipo jibu lako lilipo, dada, kwa hiyo nivumilie.

Korai ni wa jamii ya ndago. Ndago mnaing'oa shambani kila msimu wa mpunga na kuilaani. Mafunjo ya maziwa na mito mikubwa ya bara nayo ni ndugu zake. Mimea ya jamii hii ina sifa moja ambayo mfumaji huitafuta kama johari: bua lake halina vifundo. Mwanzi una vifundo, tete lina vifundo, hata bua la mpunga linavyo. Bua la korai linapanda moja kwa moja kutoka shina hadi kwenye shada la maua, kiasi cha mita moja au zaidi, bila kizuizi. Ukilichana kwa kisu, mpasuko unateleza hadi mwisho. Ndani lina kiini cheupe chepesi, nje lina ganda jembamba linalong'aa.

Sasa utie ukindu wako pembeni mwa bua hilo. Ukindu ni jani. Ni mgumu, una nguvu, unastahimili kukanyagwa na maji ya chumvi, lakini ni mfupi. Huwezi kuunyoosha kutoka ukingo mmoja wa mkeka hadi wa pili. Wazee wetu waliliona tatizo hilo na wakalijibu kwa akili kubwa mno: wakasuka ukili. Jani likikaribia kwisha unachomeka jingine, ukili unaendelea, unaweza kufika pima kwa pima bila kikomo, kisha unaushona ukingo kwa ukingo hadi mkeka ukamilike. Ufupi wa jani ukawa si tatizo tena. Watu wa Pattamadai hawakuhitaji ukili kwa sababu bua lao ni refu. Linavuka mkeka mzima. Kwa hiyo wao wanafuma, sisi tunasuka, na Kiswahili chetu kimetofautisha vitenzi hivyo kwa haki kabisa. Mashine ya kufuma inataka uzi mrefu wa kwenda juu na chini, yaani mtande, na kitu kirefu cha kupita katikati, yaani mshindio. Mkiipa mashine hiyo ukindu wenu, kila baada ya shubiri mbili utakatika na ncha zitachomoza kama miiba. Anayewauzia ama hajui, ama anajua na anataka fedha zenu.

Ulaini sasa. Wengi wakiushika mkeka wa Pattamadai hudhani siri iko kwenye kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia. Nami nilidhani hivyo kabla sijafika. Nilikwenda nikiwa nimefundisha ufumaji wa vitambaa miaka mingi, nikatarajia kuona chombo cha ajabu. Nilichokikuta sebuleni ni vigingi na magogo mawili yaliyolazwa chini, nyuzi za pamba zimetandwa katikati yake hapo juu kidogo ya sakafu, ubao mmoja mzito wenye matundu ambamo nyuzi zimepitishwa, na ubao mwingine wa kukalia. Mfumaji anakaa juu ya mtande wake mwenyewe. Anachukua fimbo ndefu nyembamba kama sindano kubwa, anaipitisha na ukoa mmoja wa korai, yaani utepe mwembamba uliochanwa kwenye bua, katikati ya nyuzi, anauvuta ubao wenye matundu kuusindika, anakunja ncha ukingoni, anachukua mwingine. Hakuna kanyagio, hakuna gurudumu. Fundi seremala yeyote wa Wete angekitengeneza chombo hicho kwa siku chache.

Kazi kubwa imeshafanyika kabla ukoa haujafika hapo. Korai hukatwa ikiwa mbichi, ingali kijani. Huchanwa siku hiyohiyo, maana ikishaanza kukauka huchanika ovyo. Huanikwa juani hadi ukijani uondoke. Kisha hufungwa matita na kulowekwa mtoni, kwenye maji yanayokwenda, siku kadhaa hadi karibu wiki. Humo majini huvimba mpaka mara tatu ya unene wake. Huanikwa tena. Ukoa uliopita hatua hizo umekuwa kitu kingine: hauvunjiki ukiukunja, na ukiupitisha kidoleni unateleza. Maji yaliyotuama hayafai kwa kazi hiyo, yanaozesha na kutia weusi. Ndiyo maana mikeka hii ilizaliwa kando ya mto usiokauka.

Kwa mikeka ya daraja la juu kuna hatua nyingine ngumu kuliko zote. Kiini cheupe hukwanguliwa chote, libaki ganda peke yake, na ganda hilo huchanwa tena na tena hadi ziwe nyuzi nyembamba sana. Nilipewa kisu na bua nijaribu. Niliharibu mengi kabla sijapata ukoa mmoja uliofika mwisho bila kupinda, na bado ulikuwa mnene pembeni. Mama aliyekuwa ananielekeza alikuwa hatazami hata kisu chake. Anachana huku anazungumza na mjukuu, na kila ukoa unatoka sawa na mwenzake. Ujuzi huo uko kwenye kidole gumba na kidole cha shahada, na hakuna wa kuuuza dukani.

Ile namba 100 kwenye kijikaratasi chako inahusu wingi wa nyuzi za mtande katika kipimo chao. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo nyuzi zinavyokuwa nyingi na nyembamba, na ndivyo korai inavyolazimika kuchanwa zaidi ili ilingane nazo. Mkeka wa matumizi ya kila siku una namba ya chini, 50 hivi, uzi wake ni mnene, na unafumwa kwa siku chache. Kwenye 100 umeshaingia kwenye kazi nzuri. Ya juu kabisa hufika 120 hadi 140, na hiyo ndiyo wanayoiita *pattu paay*, mkeka wa hariri. Mkeka mmoja wa namna hiyo unakula wiki nyingi za mtu. Mwenye nyumba yule alimheshimu mama mkwe wako, mwambie hivyo.

Kule mkeka ni kitu cha arusi. Jina la bibi arusi na la bwana arusi, na tarehe ya ndoa, hufumwa humohumo kwenye mkeka, si kudariziwa baadaye, na wawili hao huukalia siku yao. Wekundu wa asili ulitoka kwenye gogo la mti wa sapani lililochemshwa. Siku hizi rangi nyingi ni za dukani, zinang'aa zaidi na kuchuja mapema. Wenyeji hawachoki kusimulia kwamba mikeka yao ilipelekwa London mwaka 1953 kuwa zawadi ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wanaitaja habari hiyo kwa fahari ambayo inaniumiza kidogo, kwa sababu fahari haijawalipa.

Nikuambie pia upande huo, maana kikundi chako kinaweza kuutambua. Karibu kazi yote sasa iko mikononi mwa wanawake. Anafuma nyumbani, kati ya kupika na watoto. Mali ghafi anakopeshwa na mfanyabiashara, mkeka anampelekea mfanyabiashara yuleyule, na bei anapangiwa. Mikeka ya plastiki, ileile inayouzwa kwa mafungu katika masoko yetu, imechukua wateja wa mkeka wa kawaida. Zikaja mashine za umeme. Zipo kweli, mtu wenu hakudanganya kwa hilo. Lakini zinafuma korai nene tu, mkeka wa bei rahisi, na zinatoa kwa siku kile ambacho mama wa sebuleni angekifuma kwa muda mrefu. Korai nyembamba ya 100 na kuendelea inakatika humo. Matokeo yake yamekuwa ya kuhuzunisha: mashine imeua mkeka wa katikati, ambao ndio uliokuwa ukilisha nyumba kila wiki, na umebaki ule wa juu kabisa, wenye wanunuzi wachache walio mbali. Na msichana aliyemaliza shule anatazama wiki zake nyingi za kuchana na kufuma, anatazama malipo, anakwenda kutafuta kazi dukani mjini. Simlaumu hata chembe.

Serikali ya India imeusajili mkeka wa Pattamadai kwa jina la mahali pake. Usajili huo umo katika orodha ya mwaka 2012 hadi 2013. Maana yake ni kwamba mkeka uliofumwa kwingine hauruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Ni jambo jema na nilifurahi kuliona. Lakini linalinda jina; halimpangii mama wa sebuleni bei.

Kabla sijarudi kwenu, kuna mahali pengine India ambapo ningependa mpafahamu kuliko Pattamadai. Jimbo jirani la Kerala, wilaya ya Kollam, kuna kijiji cha Thazhava. Huko mikeka husukwa kwa majani ya mkadi, jamii ileile ya mikadi yetu ya ufukweni ambayo maua yake hutiwa kwenye vikuba. Majani yanakatwa miiba, yanachemshwa au kulowekwa, yanaanikwa, yanachanwa kwa upana ulio sawa, kisha yanasukwa kwa mkono, mshazari, bila chombo chochote. Mwanamke wa Thazhava akikaa barazani kwenu Wete, asubuhi moja tu atakuwa ameelewa mnachofanya, na nyinyi mtamwelewa. Kama kuna watu wa India wa kubadilishana nao ujuzi, ni hao wa majani, si wa Pattamadai wa mabua.

Lakini kuna kitu kimoja cha Pattamadai ambacho mnaweza kukichukua kesho bila kutoa senti. Ile namba. Tazama imefanya nini: mama mkwe wako hajui Kitamili, wewe hujawahi kufika, lakini kijikaratasi kinasema 100, nami nikiwa mbali na mkeka wenyewe nimejua ni wa daraja gani. Nyinyi pia mnahesabu. Mnajua ukili wa miyaa mingi iliyochanwa nyembamba ni kazi ya siku nyingi kuliko ukili mpana wa haraka. Mnajua mshono wa karibu na mshono wa mbali. Mnunuzi hajui. Anaona mikeka miwili ya ukubwa mmoja, mmoja una bei mara mbili, anachukua wa bei nafuu, na mwenye kazi nzuri anarudi nyumbani na mkeka wake kichwani. Kaeni kikundi kizima, mkubaliane kipimo: miyaa mingapi katika upana wa ukili, na mikunjo mingapi ya ukili katika upana wa mkeka. Andikeni namba hiyo kwenye kila mkeka, pamoja na jina la mahali na siku zilizotumika. Mnunuzi wa kwanza atauliza namba ni nini. Mkishamweleza, hatapigania tena bei kama anayenunua muhogo.

Fedha mlizochanga, kama zipo, zitumieni kununua ukindu mwingi msimu ukiwa mzuri ili msikopeshwe. Mnyororo wa Pattamadai ulianzia kwenye mkopo wa mali ghafi.

Mkeka wa mama mkwe usifuliwe. Usiutose majini, usiusugue kwa sabuni. Korai hunywa maji upesi, na uzi wa pamba ukilowa hukaa na unyevu siku kadhaa katika hewa ya bahari, ukungu ndipo unapozaliana. Utoe nje asubuhi wakati wa upepo, uuning'inize kivulini, si juani, jua la mchana litaichuja rangi na kuukakamaza. Ukikauka, upanguse kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa korai. Mahali penye madoa ya ukungu pita na kitambaa kilichochovywa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, kikamuliwe hadi kisidondoke, ukijaribu kwanza ukingoni palipo na wekundu uone kama rangi inatoka. Kisha uanike tena kivulini. Ingawa unakunjika kama kanga, usiuweke umekunjwa. Baada ya miezi mstari wa mkunjo utakatika. Uviringishe, uufunge kwa kitambaa cha pamba, kamwe si kwa mfuko wa nailoni, uuweke juu ya kabati mbali na ukuta.

Najua pia swali ambalo hukuliandika, kwa sababu mtu aliyeshika mkeka ule hawezi kuacha kulifikiri: je, sisi hatuwezi kabisa? Kwa ukindu, hapana. Kwa ndago, sijui mtafika wapi mpaka mjaribu, na kujaribu ni rahisi. Katika mabonde yenu ya mpunga, kwenye mifereji yenye maji yanayokwenda, tafuteni ndago ndefu, ile inayofika kifuani. Kateni mabua hamsini yakiwa ya kijani. Yachaneni siku hiyohiyo, nusu kwa nusu, kuanzia shinani. Yaanikeni hadi yapauke, yafungeni tita moja, yalowekeni kijitoni siku tano, myafunge vizuri kwa kamba na jiwe, kisha muanike tena. Halafu chukueni ukoa mmoja muukunje kwenye kidole. Ukivunjika, mmea huo haufai na mmepoteza wiki moja tu. Usipovunjika, upimeni urefu wake, mnitumie koa kumi pamoja na ukoa mmoja ambao hamkuuloweka, nizitazame.